Bei ya mkupuo, kwa saketi au kwa siku: namna za kukubaliana ukaguzi wa usalama wa umeme Tanga

Mteja wa Tanga anapompigia fundi simu akitaka nyumba yake ikaguliwe umeme, swali lake la kwanza huwa ni bei, na fundi mwenye haraka humtajia kiasi kabla hajajua kama nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili kule Kange au ni ghorofa ya zamani ya katikati ya mji yenye mpangaji katika kila chumba. Kiasi hicho kikishatajwa hakipandi tena kwa urahisi, na kinachofuata mara nyingi ni kazi kupunguzwa kimyakimya ili ilingane na fedha: soketi zilizo nyuma ya makabati hazifunguliwi, ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) haipimwi, na ripoti inaandikwa kana kwamba kila kitu kimeguswa. Hapa ninalinganisha njia nne za kupanga bei ya ukaguzi, ambazo ni mkupuo (bei moja kwa kazi nzima), bei kwa saketi (kila njia ya umeme yenye breka au fyuzi yake), bei kwa siku, na ule ukaguzi unaoitwa wa bure, na kipimo changu kikuu ni kujua nani anabeba hasara pale kazi inapokuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa majengo mengi ya mjini Tanga, bei kwa saketi inayotanguliwa na ziara fupi yenye malipo ndiyo inayowalinda mteja na fundi kwa pamoja, ingawa zipo nyumba ambazo hesabu hiyo haizifai mpaka irekebishwe.

Kwanza upeo wa kazi

Bei mbili haziwezi kulinganishwa ikiwa kazi zinazopangiwa bei si moja. Neno "ukaguzi" hubeba kazi tatu zenye uzito tofauti kabisa, na mteja anayepokea makadirio mawili, moja dogo na jingine kubwa mara tatu, kwa kawaida amepewa bei za kazi mbili tofauti bila kuambiwa.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi wa macho. Fundi hupita kila chumba, hufungua DB, yaani boksi la breka, huangalia ukubwa wa breka na unene wa waya zinazolindwa na breka hizo, na hutafuta dalili za kuungua, kutu, viungo vilivyofungwa kwa plasta na waya zilizochokonolewa na panya darini. Kazi hii haihitaji kuzima umeme kwa muda mrefu na hufichua mambo mengi, hasa katika mji wa pwani ambako hewa ya chumvi hula skrubu na vituo vya kuungia waya katika nyumba zilizo karibu na bahari kama zile za Raskazone na Sahare. Hata hivyo macho hayaoni waya uliopoteza insulesheni (ganda lake) ndani ya ukuta, wala hayawezi kusema kama RCD, yaani swichi inayokata umeme unapovuja, itakata umeme mtu akiguswa.

Kazi ya pili ni ukaguzi kamili wenye vipimo. Hapa umeme huzimwa, kisha kila saketi hupimwa kama waya wa ethi umeunganika kutoka kwenye DB hadi pointi ya mwisho, na insulesheni hupimwa kwa mega, kifaa maalumu cha kipimo hicho. Kwa saketi za kawaida za volti 230 kipimo hutumia volti 500 za mkondo mnyoofu, na kanuni za kimataifa za IEC 60364 zinataka jibu lisiwe chini ya megaomu 1. Umeme ukisharudishwa, RCD ya miliampia 30 hupimwa kama inakata ndani ya milisekunde 300 kwa mkondo wake uliotajwa. Ukinzani wa fimbo ya ethi nao hupimwa, ikiwezekana kwa kifaa chenye vijiti vya pembeni.

Kazi ya tatu iko katikati: kila kitu kinatazamwa kwa macho, lakini vipimo hufanywa kwa sampuli, kwa mfano saketi zote za jikoni, bafu na nje, pamoja na baadhi tu ya zile za vyumbani. Sampuli ni njia halali na inatumika hata katika nchi zenye kanuni kali, lakini uhalali wake unategemea mambo mawili, kwamba imekubaliwa kabla ya kazi kuanza na kwamba imetajwa ndani ya ripoti. Nchini Uingereza, ambako tangu mwaka 2020 kanuni zinawataka wenye nyumba za kupangisha za kule England kukaguliwa nyumba zao walau kila miaka 5, fomu ya ripoti yenyewe ina sehemu maalumu ya kuandika kilichokaguliwa, kisichokaguliwa, sababu yake, na mtu aliyekubali kiachwe. Sisi hatuna lazima ya kutumia fomu yao, ila sehemu hiyo inafaa kuigwa kama ilivyo.

Kuna mpaka mmoja ambao haujadiliwi na mteja. Mita ya LUKU, waya unaotoka kwenye nguzo na lakiri zilizowekwa hapo ni mali ya TANESCO, kwa hiyo upeo wa kazi ya fundi binafsi huanzia pale umeme unapotoka kwenye mita na kuingia katika mfumo wa mteja. Fundi akiona kasoro upande wa mita anaiandika na kumshauri mteja atoe taarifa TANESCO, lakini hafungui chochote. Ni vyema jambo hili liwemo katika makubaliano, kwa sababu wapo wateja ambao shida yao halisi ni LUKU inayokula haraka, na wanatarajia ukaguzi uwape jibu la mita.

Kipimo cha ethi ndicho ambacho wateja huomba kiondolewe ili bei ishuke, na hapo ndipo ninapoona fundi asikubali. Tuchukue fimbo ya ethi yenye ukinzani wa omu 50, hali isiyo ngeni katika ardhi ya mawe ya matumbawe yetu. Umeme wa volti 230 ukivuja kwenye bodi la friji na kwenda ardhini kupitia fimbo hiyo, mkondo utakaopita ni ampia 4.6 hivi, nao hautoshi kuangusha breka ya ampia 20, kwa hiyo bodi la friji litabaki na umeme likimsubiri mtu alishike. Nyumba hiyo inaokolewa na RCD peke yake, ambayo kwa miliampia 30 inaridhika hata na ethi dhaifu kuliko hiyo, ingawa miongozo hushauri ukinzani usivuke omu 200 kwa kuwa ukiwa juu ya hapo hautabiriki udongo unapokauka. Bila kupima ethi na RCD, ripoti inakuwa imekwepa swali ambalo mteja analilipia, na heri kuikataa kazi kuliko kuifanya bila vipimo hivyo viwili.

Jengo moja, hesabu tatu

Tuchukue mfano wa kubuni wa nyumba ya wageni ya ghorofa moja, yenye vyumba 12, jiko, baraza na bustani, ambayo mwenyewe anaamini ina saketi 26 katika DB mbili. Bei ninazotaja ni za kufanyia hesabu tu na hazikusudiwi kuwa bei elekezi ya soko la Tanga.

Kwa mkupuo, fundi anataja shilingi 400,000 kwa jengo zima. Mteja anafurahi kwa sababu anajua atakacholipa, na mhasibu wake anaweza kukiingiza kwenye bajeti siku hiyohiyo. Kila saketi hapo inalipiwa shilingi 15,385 hivi. Sasa fundi anafika na kukuta DB ya tatu nyuma ya jiko, yenye saketi 8 za pampu, viyoyozi na taa za bustani ambazo hakuna aliyezikumbuka. Saketi zimekuwa 34, na malipo ya kila moja yameshuka hadi shilingi 11,765. Tukikadiria nusu saa kwa saketi moja, saa 4 za kazi zimeongezeka bila senti kuongezeka. Fundi mwaminifu atazifanya kwa kinyongo na mwingine ataziruka, naye mteja hana namna ya kujua amempata yupi.

Kwa saketi, fundi anatoza shilingi 60,000 za msingi, zinazofidia ziara, ukaguzi wa DB, kipimo cha ethi na uandishi wa ripoti, kisha shilingi 15,000 kwa kila saketi. Kwa saketi 26 jumla ni shilingi 450,000, kubwa kuliko mkupuo kwa 50,000. Zikiwa 34 jumla inapanda hadi 570,000. Mteja analalamika, lakini analalamikia kitu kinachohesabika: anaweza kusimama mbele ya DB na kuzihesabu breka mwenyewe, na ripoti italazimika kuwa na safu 34 za majibu ya vipimo. Anaweza pia kuamua kwamba zile 8 za nje zisubiri mwezi ujao, na uamuzi huo ukaandikwa wazi badala ya kufanywa na fundi gizani.

Kwa siku, timu ya watu wawili inatoza shilingi 200,000. Ikienda vizuri, siku 2 zinatosha na jumla ni 400,000 kama ile ya mkupuo. Shida ni kwamba mwendo wa kazi katika nyumba ya wageni hauko mikononi mwa fundi: mgeni wa chumba namba 7 amelala hadi saa sita mchana, ufunguo wa stoo ameondoka nao mtunza stoo, na meneja hataki umeme uzimwe wakati wa chakula. Siku ya tatu ikiingia, mteja analipa 600,000 na anahisi amecheleweshwa makusudi, hata kama uchelewaji umetoka upande wake. Njia hii inafaa pale tu ambapo hakuna anayeweza kukadiria kazi, kwa mfano kutafuta chanzo cha hitilafu baada ya jengo kupigwa na radi au kuingiwa na maji wakati wa masika, na hata hapo iwekewe kikomo ambacho fundi hawezi kukivuka bila kumuuliza mteja.

Ziara ya awali ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya utata huu. Saa moja ya kutembea ndani ya jengo, kufungua DB, kuhesabu saketi, kuuliza sehemu zisizofunguka na kupiga picha ingeifichua ile DB ya tatu kabla ya bei kutajwa. Wateja wengi hukataa kuilipia kwa kuwa wamezoea fundi aje kuangalia bure, lakini hukubali wakielezwa kwamba gharama ya ziara itakatwa katika bei ya ukaguzi endapo kazi itaendelea.

Pointi au saketi: tatizo la Ngamiani

Wenye nyumba wengi wamezoea kusikia bei ya wayaring ikitajwa kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi inayofungwa, na ni jambo la kawaida waulize kwa nini ukaguzi usihesabiwe hivyohivyo. Jibu ni kwamba kufunga pointi ni kazi inayojitegemea, ilhali vipimo vingi vya usalama hufanywa kwa saketi nzima kutokea kwenye DB. Saketi yenye taa 3 na yenye taa 8 hupigwa mega mara moja kila moja, kwa hiyo bei ya pointi ingemfanya mwenye taa 8 alipie zaidi kipimo kilekile.

Hoja hiyo inasimama vizuri katika nyumba mpya za Mikanjuni au Kange, ambako DB ina breka nyingi na kila moja ina majukumu yanayoeleweka. Inaanza kuyumba ukiingia Ngamiani. Katika barabara zile za namba zipo nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambazo wayaring yake ya awali ilikuwa ya taa chache, kisha kila mpangaji akajiongezea soketi kutoka kwenye soketi ya jirani yake. Unaweza kukuta mainswichi moja na fyuzi mbili zinazolisha nyumba nzima yenye kaya sita. Kwa hesabu ya saketi nyumba hiyo ina saketi 2, na kwa bei ya mfano wetu ingelipiwa shilingi 90,000. Ukweli ni kwamba kazi yake ni nzito kuliko ya nyumba ya kisasa yenye saketi 10, kwa sababu kila kiungo kinatakiwa kufuatwa kwa mkono, vyumba sita vinahitaji wenyewe wawepo, na mega ikitoa jibu baya itabidi saketi ikatwe vipande ili kujua waya mbovu ni upi.

Kwa nyumba za namna hiyo ninapendekeza bei kwa saketi yenye ukomo wa pointi. Makubaliano yatamke kwamba saketi moja ni ile isiyozidi, tuseme, pointi 10, na kila pointi 10 zinazofuata, au sehemu yake, zihesabiwe kama saketi nyingine. Nyumba yetu ya Ngamiani ikiwa na pointi 45 katika fyuzi moja na 20 katika nyingine, itahesabiwa kuwa na saketi 5 na 2, jumla 7, na bei yake kuwa shilingi 165,000. Mwenye nyumba anayeona kiasi hicho ni kikubwa anaweza kuchagua ukaguzi wa macho pamoja na vipimo vya ethi na RCD peke yake, na katika nyumba za aina hii hata hicho tu hutoa orodha ndefu ya kutosha kuanzia.

Suala la nani analipa halitatuliwi na fundi, lakini linaathiri upeo. Mpangaji akiita ukaguzi, fundi hana ruhusa ya kufungua DB iliyo ukumbini wala vyumba vya wenzake, na ripoti itahusu chumba kimoja. Ni bora kumwambia hivyo mapema na kumshauri azungumze na mwenye nyumba kuliko kuchukua fedha zake kwa ripoti isiyoweza kumwambia kama ukuta wa jirani una waya unaovuja.

Ukaguzi wa bure

Njia ya nne haina bei kabisa: fundi anakagua bure kwa matumaini ya kupewa matengenezo. Kwa mteja asiye na fedha inavutia, na sisemi kila anayeitoa ni tapeli. Lakini anayelipwa kwa kasoro anazozipata ana sababu ya kuzipata nyingi, na asiyelipwa kwa muda wa kupima ana sababu ya kutopima. Ukilinganisha ripoti ya namna hii na ile iliyolipiwa, tofauti huonekana upesi: ya bure ina orodha ya vifaa vya kununua, ya kulipiwa ina majibu ya vipimo ambayo fundi mwingine yeyote anaweza kuyasoma na kutoa bei yake ya matengenezo. Fundi anayetaka kufanya kazi zote mbili anaweza, ila atenganishe makadirio mawili, na la matengenezo litoke baada ya ripoti kukabidhiwa.

Ipi imfae nani

Mwenye nyumba ya kawaida ya familia, yenye DB moja na saketi zisizozidi 8, hahitaji hesabu ndefu, na mkupuo unamtosha mradi idadi ya saketi imeandikwa ndani yake. Mwenye nyumba ya wageni, duka kubwa, shule au ofisi achague bei kwa saketi baada ya ziara. Mwenye biashara ya samaki karibu na mwalo wa Deep Sea, ambaye majokofu yake hayawezi kuzimwa mchana kutwa, anahitaji kipengele cha ziada kuliko aina nyingine ya bei: saa za kuzima zipangwe kwa kila jokofu, na kazi ya usiku au alfajiri iwe na nyongeza iliyotajwa kabla. Mnunuzi wa nyumba anayetaka kujua anachokinunua anaweza kuridhika na sampuli, lakini sampuli aichague fundi, kwa kuwa muuzaji atamwelekeza kwenye vyumba vilivyopakwa rangi juzi.

Wenye sehemu za kazi wakumbuke kwamba ripoti ya fundi binafsi haichukui nafasi ya ukaguzi wa OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kuahidi kinyume chake ili kupata kazi ni kumwingiza mteja matatani. Mteja naye aombe kuona leseni ya fundi kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa kuwa leseni hizo zina madaraja, na anayeruhusiwa kushughulikia nyumba ya fezi moja si lazima aruhusiwe mtambo wa fezi tatu wa volti 400.

Maandishi, kodi na malipo

Makubaliano yanaweza kuingia katika ukurasa mmoja, hata yakatumwa kwa WhatsApp na mteja akajibu kwamba amekubali. Yataje anwani na sehemu za jengo zinazohusika, aina ya ukaguzi, idadi ya saketi iliyohesabiwa siku ya ziara, bei ya kila saketi itakayozidi, sehemu zisizofikika, saa za kuzima umeme, na mtu wa upande wa mteja mwenye mamlaka ya kukubali mabadiliko. Kipengele cha mwisho kina thamani kubwa Tanga, ambako mwenye jengo mara nyingi yuko Dar es Salaam au Muscat na anayemfungulia fundi mlango ni mpwa wake asiyeruhusiwa kuamua lolote. Itajwe pia itakuwaje fundi akikuta hatari ya papo hapo, kama waya wazi unaofikiwa na mtoto: kuitenga saketi hiyo mara moja na kumjulisha mteja kuwe ndani ya bei, na kuitengeneza kuwe kazi mpya.

Kuhusu kodi, makadirio yaseme wazi kama bei imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, kwa fundi aliyesajiliwa. Mteja akiwa kampuni, atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kiasi ambacho kwa kazi ya shilingi 450,000 ni shilingi 22,500. Fundi asiyelijua hilo hudhani amedhulumiwa, kumbe anachotakiwa kudai ni cheti cha zuio ili kiasi hicho kihesabiwe katika kodi yake ya mwaka.

Malipo ya awali yatoshe kugharamia siku ya kwanza, na salio lilipwe ripoti inapokabidhiwa, iwe imebeba habari njema au mbaya. Wapo wateja wanaoomba kulipa salio pale tu jengo "litakapopita", na ombi hilo likataliwe kwa upole siku ileile ya kukubaliana, kabla mega haijatolewa kwenye mkoba. Tarehe na hali ya hewa ya siku ya kupima ethi viandikwe, kwa sababu fimbo iliyopimwa mwezi wa Aprili udongo umelowa itatoa jibu jingine mwezi wa Februari, na mteja atakayerudi na ripoti ya kiangazi kutoka kwa fundi mwingine atataka kujua ni nani kati yao alikosea.